Kopo Lenye Mahali Pake

Masomo yamefungwa, likizo kubwa imeanza, na watoto wako nyumbani kutwa nzima. Saa nane joto likipanda, kila mtoto anatafuta maji ya kujimwagia. Juma hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, kitu ambacho wengi wetu tulikicheka tulipokiona mara ya kwanza: kishika kopo cha pisini.

Tueleze kwanza ni kitu gani. Siku hizi katika parsele za mji wetu zinaonekana pisini za plastiki. Si zile za hoteli, zilizochimbwa chini na kupakwa rangi ya bluu. Ni zile zinazokuja zimekunjwa ndani ya katoni, zenye vyuma vya kusimamisha ukuta au zenye mviringo wa kujaza hewa. Nyingine zinaletwa na wafanyabiashara, nyingine zinatumwa na ndugu walio Ulaya. Ya kikundi chetu ilitumwa na dada ya mama mmoja anayekaa Ubelgiji. Ndani ya katoni, chini kabisa, tulikuta vitu viwili vyeupe vya plastiki. Upande mmoja kulikuwa na ndoano ya kukamata chuma cha juu cha pisini, upande mwingine kulikuwa na duara lenye kitako. Picha ya katoni ilionyesha kazi yake: mtu amekaa ndani ya maji, na kopo lake linakaa pembeni ndani ya lile duara, haliinami wala halimwagiki.

Tulicheka. Mama mmoja mzee wa kikundi aliuliza, "Kwani huko Ulaya mtu hana nguvu ya kushika kopo lake mwenyewe?" Mwingine akamjibu, "Mama, ukiweka kopo chini mchanga unaingia. Ukimpa mtoto akushikie, unakuta amekunywa yote." Tukacheka tena. Vile vitu viwili vikawekwa dirishani, na tukashughulika na kujaza maji.

Hapo ndipo sisi walimu tulipoitwa kupiga hesabu. Pisini ile ina upana wa sentimita 244, na maji tulitaka yafike sentimita 50 tu, yaani magotini kwa mtoto mkubwa. Hesabu ilitoa lita 2,338. Ukigawa kwa bidoni ya lita 20, ni bidoni 117. Mama aliyewahi kubeba bidoni kichwani tangu kwenye bomba anajua namba hiyo maana yake nini. Na uzito wake ni zaidi ya tani mbili. Kwa hiyo tulichagua mahali palipo sawasawa, penye udongo mgumu, maana ukuta wa plastiki ukiegemea upande mmoja unapasuka, na maji yanakwenda na mtoto. Tukapatana pia kwamba maji ya kazi kubwa namna hiyo hayatamwagwa bure: yakichafuka, yataosha choo na kumwagilia lengalenga. Na hayatakaa zaidi ya juma moja, kwa sababu katika joto letu mbu anaweza kutoka kwenye yai mpaka kuruka kwa siku saba au zaidi kidogo. Hatukununua plastiki ya kufugia malaria.

Siku ya posho ya kwanza watoto wa kikundi walikuja. Mama nao walikuja, na hakuna mama wa Kisangani anayekuja mahali bila kitu cha kunywa. Kulikuwa na tangawisi, kulikuwa na sukre, na mama mmoja alileta chupa ya pombe ya 72 cl, kwa maana juma lilikuwa refu. Ndipo swali likaja: vinywaji hivi vyote vinakaa wapi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini lina mambo manne ndani yake.

La kwanza ni glasi. Chupa ikianguka kwenye udongo kando ya pisini, vipande vyake vinaonekana. Ikiangukia ndani ya maji, havionekani tena, kwa sababu glasi safi ndani ya maji safi haina rangi. Mguu wa mtoto ndio utakaoiona. Tena kipande kimoja kinatosha kuchana plastiki, na bidoni 117 zimepotea. Kwa hiyo tulipatana: hakuna chupa ya glasi ndani ya hatua kumi kutoka kwenye maji. Kinywaji kinamiminwa kwenye kopo la plastiki au la chuma kule mezani, kisha ndipo kinasogezwa.

La pili ni mtoto mwenyewe. Mtoto akiona kopo pembeni ya maji, anajua ni kinywaji. Hasomi, hanusi, anakunywa. Hapa tunawaambia mama kwa nguvu: sisi tunaotengeneza sabuni tunajua soda kali inayokaa ndani ya chupa za sukre, na sote tunajua petroli inayouzwa barabarani ndani ya chupa hizo hizo. Chupa ya sukre iwe ya sukre. Dawa ya kusafishia maji ya pisini nayo ikae ndani ya kifungashio chake, juu, nyuma ya mlango unaofungwa.

La tatu ni kopo moja kwa watoto kumi. Mji wetu haujasahau mwaka wa 2011, wakati kipindupindu kilipoanza hapa Kisangani mwezi wa 3, kikafuata mto mpaka Mbandaka, na mwezi wa 6 kikawa kimefika Kinshasa. Mtoto anayeogelea anameza maji ya pisini, anatoka, anakunywa kwenye kopo la mwenzake, anarudi. Kwa hiyo kila mtoto ana kopo lake, lenye uzi wa rangi yake mkononi mwa kopo. Maji ya kunywa yanachemshwa nyumbani mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika 1, yanapozwa, yanafunikwa. Na mtoto anayetaka kunywa anatoka nje ya maji kwanza.

La nne ndilo kubwa, na ndilo lililotufanya tuandike habari hii. Ni mkono wa mama.

Katika kikundi chetu kuna walimu watano. Kwenye chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kilasi yenye wanafunzi 50 haiwezi kulindwa na watu wote. Inalindwa na mtu mmoja anayejua kwamba zamu ni yake. Watu wengi wakiangalia kwa pamoja, kila mmoja anafikiri mwenzake anaangalia. Kwa hiyo tuliweka zamu kandokando ya pisini. Kila mama anakaa dakika 20. Anafunga kitambaa chekundu mkononi ili wote waone ni yeye. Wakati wa kitambaa, hasuki nywele, hachambui pondu, hashiki simu, hanywi pombe. Akitaka maji au tangawisi, anakunywa, lakini kopo lake halikai mkononi.

"Likae wapi sasa?" wakauliza. Na yule mama mzee, yeye aliyecheka zaidi, ndiye aliyekwenda dirishani kuchukua kile kishika kopo cheupe. Akakitundika kwenye chuma. Akatia kopo ndani. Likakaa.

Siku ya posho ya tatu, kulikuwa na watoto tisa ndani ya maji. Mdogo wao alikuwa na miaka mitatu. Wakubwa walikuwa wanagombania mpira, wakipiga kelele za furaha mpaka majirani walichungulia juu ya ukuta. Maji yale, tumekwisha kusema, yalikuwa ya sentimita 50. Yule mdogo aliteleza. Hakupiga kelele. Hakupiga maji kwa mikono. Alikaa chini, kisha akalala chali, macho wazi, maji juu ya uso wake. Mama wa zamu alikuwa amekwisha kunywa nusu ya tangawisi yake, na kopo lilikuwa pembeni katika duara lake. Aliingiza mikono yote miwili, akamwinua. Mtoto akakohoa, akatapika maji kidogo, akaanza kulia.

Sisi wengine tulikuwa hatua sita tu kutoka pale, tunamenya karanga. Habari ya kwanza iliyotufikia ni kile kilio. Mtoto alikuwa amekwisha kutolewa.

Tunaomba mama mlisome hili polepole. Mtoto anayezama haiti. Mdomo wake uko chini ya maji. Kama hapati pumzi, atapata wapi sauti? Na si lazima maji yawe mengi. Kwa mtoto mdogo, sentimita tano za maji katika beseni la kufulia zinatosha kufunika pua na mdomo akiangukia uso.

Usiku ule tulizungumza muda mrefu juu ya mikono ya yule mama. Jaribuni wenyewe nyumbani. Jaza kopo mpaka juu, lishike, kisha mtu akurushie kitu ghafula. Utaona mwili wako unafanya nini: kabla ya kudaka, unatafuta kwanza mahali pa kuliweka kopo. Si kwamba unapenda kinywaji kuliko kile kitu. Ni mazoea ya tangu utotoni, kwa sababu tulilelewa tusimwage. Ule wakati wa kutafuta mahali pa kopo ni mfupi sana, lakini chini ya maji mtoto anauhesabu. Kishika kopo kinauondoa wakati huo. Kopo limekwisha kupata mahali pake, na mikono iko wazi.

Mama wa yule mtoto alichukua mwanawe akaenda zake bila kuaga. Tulimwelewa. Baba wa mtoto alituma neno kwamba pisini ile itolewe. Hata ndani ya kikundi wengine walisema tuikunje, tuirudishe kwenye katoni, kwani mababu zetu waliishi bila plastiki ya Ulaya. Mama prezida alisikiliza wote, kisha akauliza jambo moja: "Tukiikunja, watoto watakwenda kuoga wapi?"

Kila mtu alinyamaza, kwa sababu kila mtu alijua jibu. Pisini yetu ni moja. Mito ya mji huu ni mikubwa, nayo haikunjwi. Uko mto Kongo, unaotoka kwenye maporomoko ya Boyoma ukiwa bado na nguvu zake. Uko mto Tshopo, unaoshuka kutoka kwenye barage yake. Ndiko watoto wetu wanakokwenda tukigeuka kidogo, na ndiko sisi wenyewe tunakokwenda na beseni la nguo, na mdogo akiwa amekaa kwenye jiwe nyuma yetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Tisa kati ya kumi, na zaidi, walikuwa wa nchi kama zetu. Tangu mwaka huo wa 2021, Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 25 ya mwezi wa 7 kuwa siku ya kukumbusha watu juu ya kuzama. Tazameni kalenda: siku hiyo inaangukia katikati ya likizo kubwa.

Kwa hiyo hatukuikunja. Tulichukua ile sheria ya pisini tukaipeleka mtoni. Sasa mama sita wakienda kufua, watano wanafua na mmoja hafui. Yeye ana kitambaa chekundu. Nguo zake wanagawana wenzake, na zamu inazunguka, sawa na likelemba inavyozunguka: leo ni yako, kesho ni yangu. Mtoni hakuna chuma cha kutundikia kitu, kwa hiyo kopo lake, simu yake na sabuni yake vinakaa ndani ya kikapu kilichofungwa kwenye mti au kwenye nguzo, si mkononi. Hili si jambo geni kwetu. Tazameni Wagenya katika maporomoko yao. Wamesimamisha miti mikubwa ndani ya miamba, wakafunga kamba, wakatundika mitego yao mirefu ya kusuka. Kila kitu kimefungwa mahali pake, na mikono ya mtu inabaki kwa ajili ya kamba na maji. Watu wanaoishi na maji makali wanajua kwamba mkono una kazi nyingine.

Basi, mama anayetaka kishika kopo asifikiri ni lazima aagize Ubelgiji. Mbili za plastiki hazikututosha, tukatengeneza za bambu, na bambu mji huu unazo. Chagua bambu nene, ambayo nafasi ya ndani inapita upana wa kopo lako kidogo tu. Kwa kopo la kawaida sentimita 8 zinatosha. Kata chini ya kifundo, kisha kata tena juu yake, ubaki na kipande cha sentimita 12. Kile kifundo ndicho kitako. Toboa kitako kwa msumari wa moto, tundu mbili au tatu, ili mvua isikae ndani na mbu wasipate nyumba. Piga msasa midomo yake, maana bambu iliyokatwa ni kali kama wembe. Toboa tundu mbili za juu, pitisha kamba. Kazi imekwisha, na gharama yake ni kamba.

Lakini angalieni mahali pa kuitundika. Kama pisini ina ukuta wa hewa, usitundike kitu juu yake, ndoano inatoboa. Simamisha mti nje, hatua moja au mbili kutoka kwenye pisini, tundika bambu zako kwenye urefu wa kifua cha mtu mzima. Mti uwe mmoja na laini, usiwe na matawi, usiwe karibu na ukuta. Kiti, meza, ndoo iliyogeuzwa, vyote vikikaa karibu na ukuta wa pisini vinakuwa ngazi ya mtoto. Na jioni, watu wakiondoka, pisini imwagwe kama maji ni machafu, au ifunikwe na lango la parsele lifungwe. Pisini isiyo na mtu wa kitambaa chekundu ni pisini iliyofungwa, hata kama ni saa saba mchana.

Na tuseme pia neno tusilopenda kulisema. Mtoto akitolewa majini na hapumui, usimning'inize kichwa chini, usimtikise, usikimbie naye huku na huku kumwaga maji. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, mpulizie pumzi mdomoni, kisha msukume kifua, pumzi tena, kifua tena, na mwenzako akimbilie moto au gari la kuwapeleka hospitalini. Kazi hii inafundishwa na watu wa Msalaba Mwekundu, na inafaa ifundishwe kwa mikono, si kwa karatasi. Kila kikundi kijitafutie mtu wa kukifundisha kabla likizo haijafika nusu.

Yule mama aliyeondoka bila kuaga alirudi siku ya posho iliyofuata. Alimshika mwanawe mkono. Hakuomba chochote, hakulaumu mtu. Alikaa kwenye kiti cha zamu, akanyosha mkono afungwe kitambaa. Dakika zake 20 zilipokwisha, mwenzake alikuja kumpokea, akakataa. Alilinda zamu mbili. Tangawisi tuliyommiminia ilikaa ndani ya bambu mpaka ikapoa kabisa, naye hakuigusa. Mwanawe alikuwa ndani ya maji, anajifunza kukaa bila kuteleza.

Mama wapendwa, hatuwaambii mnunue pisini. Wengi wetu hatutakuwa nayo, na bidoni 117 si mchezo. Tunawaambia jambo moja tu. Mahali popote penye maji na mtoto, iwe beseni la kufulia, iwe pipa la mvua, iwe mtoni, chagueni mama mmoja mwenye zamu. Na kabla hamjampa kitambaa, mpeni kwanza mahali pa kuweka kopo lake.